Kalenda Mbili za That '70s Show

Baba anamkabidhi mwanawe funguo za gari. Ni Oldsmobile Vista Cruiser ya mwaka 1969, stesheni wagoni ndefu yenye ubavu uliopambwa ufanane na mbao, gari la kubeba familia nzima na mizigo yake. Sharti ni moja tu: lisitoke nje ya mji. Haupiti muda, kijana na wenzake wameshalielekeza Milwaukee kwenye tamasha la muziki. Ndivyo inavyofungua That '70s Show, tamthilia ya vichekesho iliyoanza kurushwa na kituo cha Fox cha Marekani tarehe 23 Agosti 1998. Anayeikuta leo mtandaoni hucheka mara moja, maana kijana aliyekatazwa jambo akalifanya ni kijana wa kila mahali.

Baada ya sehemu tano au sita maswali huanza. Kama ni tamthilia ya miaka ya 1970, mbona picha ni safi hivi na waigizaji bado vijana? Mbona misimu ni minane na hadithi ni ya miaka mitatu na ushei? Kwa nini wanakaa duara chumba kikiwa kimejaa moshi na hakuna anayeonekana akivuta? Yule Fez, mwanafunzi mgeni katika kundi lao, anatoka nchi gani? Na kwa nini baba huyu ana hasira muda wote?

Maswali haya yana mzizi mmoja. Tamthilia hii inaendeshwa na kalenda mbili kwa pamoja. Ya kwanza ni ya wahusika, kuanzia Mei 1976 hadi usiku wa tarehe 31 Desemba 1979, katika mji wa kubuni uitwao Point Place, jimboni Wisconsin. Ya pili ni ya watengenezaji na watazamaji wake wa mwanzo, kuanzia 1998 hadi Mei 2006. Wahusika hawaijui kesho. Watazamaji wanaijua vizuri. Kicheko kinatoka katika nafasi iliyo kati ya hao wawili, na huzuni pia inatoka hapohapo.

Tuanze na baba, kwa sababu naamini yeye ndiye nguzo ya nyumba na ya tamthilia yote, ingawa mabango yalijaa sura za vijana. Red Forman, aliyeigizwa na Kurtwood Smith, ni mwanamaji wa zamani aliyepigana Vita Kuu ya Pili na vita vya Korea. Anafanya kazi katika kiwanda cha vipuri vya magari. Katika msimu wa kwanza saa zake za kazi zinapunguzwa, kisha kiwanda kinafungwa kabisa. Mwanamume aliyezoea kutengeneza kitu kwa mikono yake anaishia kuwa msimamizi katika duka kubwa liitwalo Price Mart. Mkewe Kitty, aliyeigizwa na Debra Jo Rupp, ni muuguzi, na kuna wakati mshahara wake ndio unaoishikilia nyumba. Jirani yao Bob Pinciotti ana duka lake la vifaa vya umeme, nalo linafungwa. Yote haya yanapita katikati ya mizaha, kwa hiyo ni rahisi kuyaruka. Lakini ukiyashika utaelewa kwa nini Red kila dakika anatishia kumpiga mtu teke la makalio, na kwa nini teke lenyewe hatupi. Ni mtu aliyeahidiwa kwamba akipigania nchi yake na kufanya kazi kwa bidii atakuwa na nyumba, gari na uzee wa amani, kisha akaona ahadi inalegea mbele ya macho yake.

Na kweli ililegea. Oktoba 1973 nchi za Kiarabu zinazouza mafuta ziliinyima Marekani mafuta kwa sababu ya kuiunga mkono Israeli vitani, na bei ya pipa ikapanda karibu mara nne kwa miezi michache. Magari yakapanga foleni kwenye vituo vya petroli. Mwaka 1979, baada ya mapinduzi ya Iran, foleni zikarudi, na mwaka huohuo mfumuko wa bei nchini Marekani ukavuka asilimia 11. Mtikisiko huo ulifika hadi Tanzania na Kenya. Msomaji ambaye wazazi wake walikuwa watu wazima wakati ule akae nao awaulize, atasikia mengi. Sasa rudi kwenye ile Vista Cruiser. Ni gari zito linalokunywa mafuta, na linakabidhiwa kijana asiye na kazi ya maana mwaka 1976. Mtazamaji wa Marekani wa 1998 hakuhitaji kuelezwa uchungu uliomo ndani ya zawadi hiyo. Hakuhitaji pia kuelezwa kwa nini Toyota inapoingia katika nyumba hiyo Red analalamika kwamba mara ya mwisho kuwa karibu hivyo na mashine ya Kijapani, ilikuwa inamrushia risasi. Wala kwa nini Hyde, rafiki wa Eric, mwana wa Red, ambaye haiamini serikali hata kidogo, hachoki kusimulia habari za gari linalotembea kwa maji, ambalo anaamini wakubwa wamelificha. Kwetu inasikika kama porojo ya kijana aliyelewa. Katika nchi iliyokuwa imetoka kupanga foleni za petroli, hiyo ilikuwa ndoto ya watu wengi.

Siasa nazo zinaingia kwa mlango huohuo wa nyumbani. Rais Nixon alijiuzulu Agosti 1974 kwa kashfa ya Watergate, na mwezi mmoja baadaye Gerald Ford, aliyemrithi, akampa msamaha. Katika moja ya sehemu za mwanzo Ford anapita Point Place akitafuta kura, na Red anateuliwa kumuuliza swali. Ameandaliwa swali la kistaarabu. Linalomtoka ni lile lililomkaa rohoni: ilikuwaje akamsamehe Nixon? Wakati huohuo mwanawe anakatiza mbio mbele ya watu akiwa uchi, usoni kavaa kinyago cha Nixon. Mzaha wa kitoto na kidonda cha taifa vinawekwa kwenye uwanja mmoja, na hakuna kinachomfunika mwenzake. Kwa maoni yangu hiyo ni miongoni mwa kazi bora za msimu wa kwanza.

Sasa iweke kalenda ya pili juu ya ya kwanza. Wisconsin ni jimbo la viwanda kwelikweli. Katika mji wa Kenosha, kando ya Ziwa Michigan, kulikuwa na kiwanda kikubwa cha magari cha American Motors. Kampuni ya Chrysler iliinunua American Motors mwaka 1987, na Desemba 1988 uunganishaji wa magari Kenosha ukasimama. Maelfu wakapoteza kazi. Tamthilia ilipoanza, miaka kumi ilikuwa haijatimia tangu siku hiyo. Red anadhani anapita kipindi kibaya kitakachoisha. Mtu wa Wisconsin aliyekaa mbele ya televisheni yake mwaka 1998 alijua kwamba hakikuisha.

Kuna jambo jingine lililonishangaza nilipopanga miaka ya kuzaliwa ya waigizaji. Danny Masterson, aliyeigiza Hyde, alizaliwa Machi 1976, miezi miwili kabla ya hadithi kuanza. Topher Grace, aliyekuwa Eric, na Ashton Kutcher, aliyekuwa Kelso, wote walizaliwa 1978. Laura Prepon aliyeigiza Donna na Wilmer Valderrama aliyeigiza Fez ni wa 1980. Mila Kunis, aliyekuwa Jackie, alizaliwa Agosti 1983 nchini Ukraine enzi za Wasovieti, akahamia Marekani mwaka 1991. Sehemu ya kwanza inarushwa alikuwa ametimiza miaka 15 siku chache tu zilizopita. Kwa hiyo hakuna kijana hata mmoja kati ya hao sita aliyekuwa na kumbukumbu ya miaka hiyo. Suruali za bugaluu walizovaa, kama vijana wa Tanzania walivyoziita, kwao zilikuwa nguo za jukwaani tu. Waliokuwa na kumbukumbu ni wawili waliowekwa juu, jikoni: Smith alizaliwa 1943, Rupp 1951. Mwaka 1976 Smith alikuwa na miaka 33 na Rupp 25. Waliouishi muongo ule waliigiza wazee, na ambao hawakuwahi kuuona wakaigiza ujana wake. Ndiyo maana Red na Kitty wanapokaa mezani bila kusema neno, muongo ule unaonekana zaidi kuliko katika mavazi yote ya chini.

Nasema chini kwa sababu vijana wanaishi chini. Nyumba nyingi za majimbo ya baridi ya Marekani hujengwa na chumba chini ya usawa wa ardhi, mahali pa tanuri la kupashia nyumba joto, mashine ya kufulia na vitu visivyo na pa kukaa. Huko ndiko Eric na wenzake wanakozeeka na kochi bovu na televisheni. Juu kuna bili, kiwanda na habari. Chini mlango umefungwa. Ramani ya tamthilia ni ngazi moja tu, na mtu akishuka au akipanda ngazi hiyo jambo limetokea. Hyde anapotelekezwa na mama yake, mwishoni mwa msimu wa kwanza, wazazi wa Eric wanamchukua, na anahamia chumba hichohicho cha chini. Red hatamki neno la upendo. Anampa mahali pa kulala.

Huko chini ndiko linakofanyika lile duara. Vijana wanakaa kuzunguka meza, kamera inawekwa katikati na kugeuka kutoka uso hadi uso, kila mmoja anasema neno lisilo na kichwa wala miguu, na nyuma yao moshi umetanda. Kila mtu anajua ni bangi. Lakini Fox ni kituo cha hewani kinachoingia kila nyumba, na kuonyesha wanafunzi wa sekondari wakivuta bangi lisingekuwa jambo la kupita kimyakimya. Watengenezaji wakatafuta njia: msokoto hauonekani, kupokezana hakuonekani, kamera inageuka mtu akiwa ameshamaliza au hajaanza. Mtazamaji anawekwa katikati ya duara, kwenye nafasi ya meza, na anayamalizia mwenyewe yale ambayo hayaonyeshwi. Katazo la kituo likazaa mtindo wa picha unaokumbukwa kuliko kitu kingine chochote katika tamthilia hii. Na maisha ya nje hayakuwa na huruma ya jukwaani: Tommy Chong, aliyeigiza Leo, yule mzee mpole wa duka la picha, alihukumiwa kifungo cha miezi tisa mwaka 2003 kwa kosa la kuuza vyombo vya kuvutia bangi, akatoweka katika tamthilia kwa muda.

Suala la muda ndilo linalowachanganya wengi, na hesabu yake si ngumu. Sehemu 200 zilirushwa kwa takriban miaka minane. Ndani ya hadithi imepita miaka mitatu na miezi saba. Kila msimu ulipata wastani wa miezi mitano na kidogo. Matokeo yake sikukuu za mwisho wa mwaka zinarudi mara nyingi kuliko kalenda inavyoruhusu, na nyuso zinakua kuliko umri wa wahusika: Kunis aliingia na miaka 15 akatoka na 22, Kutcher alifikisha 28 akiwa bado anaigiza kijana ambaye hajapata njia. Ukipotea, tazama mwisho wa wimbo wa utangulizi, kwenye namba ya gari kuna kibandiko cha mwaka. Hicho ndicho saa ya tamthilia. Hata wimbo wenyewe una kalenda mbili. Ulitungwa na kurekodiwa mwaka 1972 na bendi ya Big Star ya Memphis, ambayo wakati wake ni wachache walioisikia. Kuanzia msimu wa pili uliimbwa na Cheap Trick, bendi iliyovuma mwishoni mwa miaka ya 1970, kwa sauti nzito ya miaka ya 1990. Mzee aliyesikia alidhani anaukumbuka. Wengi walikuwa hawajawahi kuusikia.

Nimefika kwa Fez, na hapa siwezi kuandika kwa wepesi. Jina lake si jina. Linatokana na herufi za kwanza za maneno ya Kiingereza yenye maana ya mwanafunzi mgeni wa mpango wa kubadilishana. Jina lake halisi wenzake wanashindwa kulitamka. Nchi yake haitajwi hadi mwisho, kwa makusudi. Kila akikaribia kuitaja kitu kinamkatiza. Valderrama, mwenye baba kutoka Venezuela na mama kutoka Kolombia, alimpa lafudhi isiyo ya nchi yoyote, ili asije akaonekana anadhihaki taifa fulani. Kwa kiasi fulani mbinu hiyo inafanya kazi: mwenye kuchekwa mara nyingi ni Mmarekani asiyejua dunia, siyo mgeni. Katika msimu wa sita anafunga ndoa na Laurie, dada wa Eric, asirudishwe kwao, na ghafla mzaha wa miaka mitano unagusa hofu ya kweli ya mamilioni ya watu. Lakini kuna sehemu nyingi ambazo lafudhi yake tu ndiyo kichekesho, na hizo leo zinauma. Mwanafunzi wa Kiafrika Mashariki aliyesoma ughaibuni, akaitwa kwa silabi moja ya jina lake kwa sababu zilizobaki eti ni ngumu, atamtazama Fez kwa jicho jingine kabisa. Mimi naona alistahili kupewa nchi.

Kumbukumbu tamu za televisheni ya Marekani zina mzunguko wake. Happy Days ilianza 1974 ikasimulia vijana wa miaka ya 1950, nayo katika Wisconsin hiyohiyo, mjini Milwaukee. The Wonder Years ilianza 1988 na hadithi yake ikaanzia 1968. That '70s Show, 1998 ikaitazama 1976. Tofauti ni miaka ishirini au zaidi kidogo kila mara, na sababu yake si ya kishairi. Waliokuwa vijana wanafikia umri wa kuandika na kutengeneza tamthilia, na pia umri ambao watangazaji wa biashara wanautaka sana mbele ya televisheni. Bonnie Turner, Terry Turner na Mark Brazill, waliobuni tamthilia hii, walikuwa wanaukumbuka muongo ule kwa macho yao.

Kama ingekuwa miongo tu, basi kichocheo hicho kingefanya kazi popote. Hakikufanya. Mwaka 1999 kituo cha ITV cha Uingereza kilichukua hadithi hizi, kikazihamishia mji wa Luton kwa jina la Days Like These, na hazikudumu. Kiwanda, vita, gari, rais aliyesamehewa: vyote vilikuwa vya upande wa pili wa Atlantiki, na bila hivyo vikabaki vichekesho vitupu. Mwaka 2002 Fox yenyewe ikajaribu That '80s Show, vijana wa miaka ya ishirini na kitu huko San Diego mwaka 1984. Muziki ulikuwepo, nywele zilikuwepo. Sehemu 13, ikaisha. Hapakuwa na Red, hapakuwa na chumba cha chini cha kumkimbilia. Hata tamthilia mama, That '70s Show yenyewe, ilidhoofika nguzo zilipoondoka: Grace aliacha baada ya msimu wa saba, Kutcher akabaki sehemu chache tu za wa nane, na msimu huo wa mwisho unatazamwa zaidi kwa uaminifu kuliko kwa furaha.

Kuna kalenda ya tatu, ambayo watengenezaji hawakuiweka wao. Mei 2023 mahakama ya Los Angeles ilimtia Danny Masterson hatiani kwa kubaka wanawake wawili, na Septemba mwaka huo akahukumiwa kifungo cha miaka 30 hadi maisha. Makosa yenyewe yalitendeka miaka ya mwanzo ya 2000, tamthilia ikiwa inarushwa. Yaani juma kwa juma nchi ilikuwa inamcheka na kumpenda Hyde, na katika maisha ya pembeni kulikuwa na wanawake waliobeba jambo hilo kwa miaka ishirini kabla ya kusikilizwa. Sijui namna ya kumtenganisha mhusika na mtu, na sitaki kumfundisha mwingine afanyeje. Ninachojua ni kwamba ile sehemu ya Hyde kupewa mahali pa kulala, niliyoisifu hapo juu, siitazami tena kama zamani.

Januari 2023, Netflix ilileta That '90s Show. Ni kiangazi cha 1995, na Leia, binti wa Eric na Donna, anaomba kubaki kwa babu na bibi yake Point Place. Hyde hayumo. Waigizaji wengine wa zamani wanapita tu, wanasalimia na kuondoka. Wanaobaki ni Red na Kitty. Ilifutwa mwaka uliofuata, na sioni kwamba vijana wapya walipata nafasi ya kutosha kuwa watu kamili. Lakini Kurtwood Smith, akiwa na miaka 79, anakaa tena jikoni kwake, analalamika kwamba nyumba imejaa watoto wa watu, na Kitty anaandaa chakula cha wengi kwa furaha ambayo hawezi kuificha. Jiko ni lilelile. Vijana hawa nao hawaijui kesho. Wanapita mbele ya babu bila kumtazama, wanafungua mlango, wanashuka.